Ombi la Kuandikwa Marehemu Ningali Napumua

Kwa Baba Mchungaji,
kwa mkono wa mke wangu, maana Katibu hapokei tena bahasha zangu.

KUHUSU: KUFUTWA KWANGU KATIKA DAFTARI LA WALIO HAI

Baba Mchungaji,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na nywele zako hazijafika masikioni. Najua zinakaribia, kwa sababu hii ni Jumamosi ya tatu hujaja kunyolewa, na kichwa chako mimi nakijua kuliko anavyokijua mama mchungaji. Kina kovu nyuma ya sikio la kushoto, na nywele za utosini zinaota kwa kuzunguka, kama maji yanayoingia kwenye tundu la bafu. Ukienda kwa kinyozi mwingine atakuharibu. Nasema hivi kwa upendo, siyo kwa biashara.

Nakuandikia nikiwa na akili zangu zote. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililipitia mlango wa nyuma, lakini dunia nimeisoma jalada mpaka jalada. Nimenyoa mahakimu, nimenyoa mabaharia, nimenyoa maharusi waliokuwa wanatetemeka, na mfungwa mmoja asubuhi aliyotoka, ambaye alikaa kwenye kiti changu akalia kabla sijawasha mashine. Kwa hiyo nikikwambia nimefikiri, ujue nimefikiri.

Maombi yangu ni mawili. La kwanza, niandikwe marehemu. La pili, Mama Cherehani, yule mshonaji anayekaa chumba cha nyuma ya banda langu la kunyolea, atolewe kwenye orodha ya Waliopoa na apelekewe meza ya Bwana kitandani kwake. Anaitamani, hawezi kuinuka, na mimi sijui pumzi imembakia kiasi gani. Sababu nimezipanga kwa namba, kama ulivyotufundisha sisi wazee wa mitaa kuandika ripoti.

1. Fomu.

Ni mwezi wa tatu sasa tangu niache kuja ibadani. Sikuacha kwa ugomvi wala kwa chupa, kama wanavyosema wanaopanga foleni bombani. Niliacha ili nimtafute Kristo, ambaye kwa bahati mbaya hatukuwahi kuonana uso kwa uso katika miaka tisa niliyokuwa mzee wa mtaa. Nikaenda ofisini kwa Katibu kuaga kiungwana. Katibu akavuta droo akatoa fomu. Fomu ina visanduku vitatu vya kutia alama: Amehama, Amefariki, Amepoa. Nikamwambia hakuna hata kimoja kinachonihusu. Akaniuliza nahamia kanisa gani. Nikasema sihamii kanisa, namtafuta Kristo. Akashika kalamu vizuri, akaniuliza, "Na mchungaji wake ni nani?"

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Katibu hajatania tangu nimfahamu.

Sasa kuhama sijahama, nipo palepale, mlango wa pili baada ya duka la dawa. Kupoa sikubali, mimi nachemka mpaka mfuniko unaruka. Kimebaki kisanduku kimoja, na mimi niko tayari kukiingia.

2. Matangazo.

Nina saa ya mkononi niliyopewa na nahodha, haikosei hata sekunde. Jumapili yangu ya mwisho niliitumia kupima. Neno la Mungu lilichukua dakika kumi na moja. Matangazo yalichukua arobaini na sita. Muumba wa mbingu na nchi alibanwa katikati ya mazoezi ya kwaya na mwavuli uliosahaulika.

Halafu kuna Kamati ya Viti. Tulikaa vikao kumi na vinne kujadili kama vitambaa vya viti viwe vya bluu au vya zambarau. Idadi naijua kwa sababu makamu mwenyekiti nilikuwa mimi, na nilizungumza sana. Kuhusu zambarau nilitoa hoja ambayo mpaka leo watu wanaisimulia. Kila kikao tulikifunga kwa kumwomba Bwana arudi upesi, na kila mjumbe moyoni alikuwa anaomba asirudi kabla hatujapiga kura.

3. Kumgeukia jirani.

Wewe hupenda kutuambia tuwageukie jirani zetu tuwaambie tunawapenda. Kwa miaka tisa nimekaa ubavuni mwa fundi seremala mmoja mwenye koti la kijivu. Nimemwambia nampenda mara mia nne na zaidi. Nimemwambia yeye ni mshindi, nimemwambia ang'ae, nimemwambia mwaka huu ni wake, miaka tisa mfululizo. Juzi tumekutana sokoni, kila mtu na kabichi lake, tukapishana kama watu wenye kesi mahakamani. Sijui anakaa wapi. Sijui kama ana mke.

Hukuwahi hata siku moja kutuambia tugeuke tuulizane: umelalaje, na nani anakupikia?

4. Orodha ya Waliopoa.

Hapa naomba ukae kitako.

Utaratibu unaujua, maana umebandikwa mlangoni. Mshiriki asipoonekana miezi mitatu, mzee wa mtaa anaandika jina lake kwenye orodha, kisha anampelekea barua ya kumwonya. Wazee wengine walikuwa wanachukua mwezi mzima kuandaa orodha hiyo. Mimi niliimaliza alasiri moja, kati ya kichwa na kichwa, huku mteja akisubiri kupakwa poda shingoni. Ulinisifu mbele ya kanisa zima. Nilisimama nikapunga mkono. Mama Cherehani nilimwandika wa pili kutoka juu.

Sasa sikiliza. Banda langu na chumba chake vinatumia ukuta mmoja, tofali moja tu, ila mlango wake unafungukia ujia wa nyuma. Miaka yote cherehani yake ilikuwa inanikereza masikio kuanzia asubuhi, nami nilikuwa naongeza sauti ya redio. Siku moja cherehani ikanyamaza. Nikasema afadhali, leo mpira nitausikia. Nilisikiliza mpira kwa raha zangu miezi mitatu, Baba Mchungaji, kisha nikaandika kwamba mama wa watu amepoa.

Barua nilimpelekea mwenyewe, nimefunga tai. Nikagonga, sauti ikasema sukuma. Nikamkuta amelala chali, mguu umenyooshwa juu ya mto. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye kigoda akifuata uzi rafuni, nyonga ikaachia. Aliyekuwa anamletea uji kila asubuhi ni muuza mkaa wa upande wa pili wa barabara, mtu ambaye hasali popote na hana hata nia. Mama alifurahi kuniona. Miwani yake ilivunjika siku ileile, kwa hiyo akasema, "Nisomee, mwanangu, macho yangu yalibaki sakafuni."

Wewe ungefanyaje? Nilisoma. Nilisoma kwamba tumeona kwa masikitiko jinsi bidii yake ilivyopungua. Nilisoma kwamba ajihoji ni kitu gani cha dunia kimemvuta mbali na nyumba ya Bwana. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye soksi. Nilipofika mwisho nikakunja karatasi haraka, lakini yule mama ni mshonaji, haachi pindo bila kumalizia. Akauliza, "Na imewekwa sahihi na nani?"

Nikamwambia imewekwa na mimi.

Kisha akasema, "Maneno umeyanyoosha vizuri. Sasa kabla hujaondoka nisogezee hicho kikombe, kimenishinda tangu asubuhi."

Kikombe kilikuwa hatua mbili kutoka kitandani. Na mimi nilikuwa ukutani pale tangu asubuhi hiyohiyo, nikitoa uchambuzi wa mpira kwa wateja.

5. Huyo Kristo mwenyewe.

Tangu siku ile sikurudi kanisani, niliogopa utanisifu tena. Nilikuwa na lalamiko kwamba kanisani sikumwona Kristo. Sasa lalamiko langu ni kwamba nimemwona, na hakunitendea haki.

Yule tuliyekuwa naye kanisani alikuwa muungwana. Anakuja Jumapili saa tatu, ananiachia saa saba, mpaka wiki ijayo hatujuani. Huyu wa chumba cha nyuma hana ratiba. Jumatatu anataka uji. Jumanne shuka zifuliwe. Jumatano anataka kugeuzwa ubavu wa pili, na Alhamisi anataka tu mtu akae hapo, asifanye kitu, jambo ambalo ndilo lililonishinda kuliko yote. Mke wangu anakuja kumwogesha, mimi namtengeneza nywele, na nakwambia bila kujisifu kwamba hajawahi kupendeza vile.

Jumapili saa tatu, wakati nyinyi mnaanza, mimi naketi kwenye kigoda namsomea Maandiko. Nasoma kama lori bovu linalopanda mlima. Nikikwama, yeye anamalizia mstari kwa kichwa, macho yamefumba, halafu ananisubiri nifike. Siku moja tulifikia ule ukurasa wa majina matupu, fulani akamzaa fulani, nikaruka kimyakimya. Akanirudisha. Akasema, "Hao nao walikuwa na mama zao."

Siku nyingine akaniomba niombe. Nilipiga magoti, nikagundua kwamba miaka tisa yote najua sala moja tu, ya kufungulia vikao. Nikamshukuru Mungu kwa kutukutanisha wajumbe wote salama. Tulikuwa wawili. Mama akasema amina, na ajenda ya kwanza ni mgongo wangu, nikune.

Nilimkuna, nikalia. Mimi, niliyenyoa mabaharia. Hilo naomba liandikwe kama hasara iliyotokana na kanisa kunificha mambo haya.

6. Kuombewa bila idhini.

Jumapili iliyopita mke wangu alirudi kutoka ibadani midomo imefungwa kama bahasha. Nilipombana akasema mmeniombea hadharani. Hata hakuwa na haja ya kunieleza, nilikuwa nimesikia mwenyewe, maana kipaza sauti chenu kinafika mpaka kwa muuza mkaa. Ulisema ndugu yetu kinyozi ametekwa na dunia. Ukasema washarika wote wanyooshe mikono kuelekea kwenye banda lake la kunyolea. Saa hiyo nilikuwa uani naanika shuka za Mama Cherehani. Nami nikanyoosha mkono wangu wenye vibanio vya nguo kuelekea kwenu, tukapungiana baraka kwa umbali.

Lakini mke wangu ndiye anayeumia. Anakaa peke yake kwenye benchi, na kina mama wa kwaya wanamshika bega wakimwambia pole. Akaniambia, "Mume wangu, wananipa pole za mjane, na wewe umeketi hapa unakula."

Kwa hiyo utaona kwamba ombi langu la kuandikwa marehemu halianzishi jambo jipya. Linahalalisha tu hali iliyopo.

7. Faida za kufa.

Nimechunguza, na nimeona kwamba katika kanisa letu hakuna mtu anayependwa kama aliyekufa. Alipofariki mjomba wake Katibu, turubai lilisimamishwa, kwaya iliimba siku tatu, wewe mwenyewe ulibeba jeneza, na watu ambao hawakumjua waliulizana kama amekula kabla ya kufa. Mama Cherehani alikuwa hai muda wote huo, na hakupata hata wa kumsogezea kikombe.

Nilikwenda tena kwa Katibu kumwombea meza ya Bwana. Katibu akasema aliyepoa hapewi mpaka ahudhurie Jumapili tatu mfululizo na kadi yake ipigwe muhuri. Nikamwambia hawezi kusimama. Akasema basi aandike barua ya kujieleza. Nikamwambia macho hayaoni. Akasema basi aandikiwe na mzee wa mtaa. Nikamwambia mzee wa mtaa ndiye mimi. Akapekua daftari, akaniambia, "Wewe siye. Wewe umepoa." Kwa mujibu wa Katibu, katika mtaa wetu hakuna mtu aliye hai wa kuweka sahihi.

Ndipo nilipopata ufumbuzi huu, ambao naamini ungewashinda hata mahakimu niliowanyoa. Nifuteni mimi mahali pake. Linatoka jina moja, linaingia jina moja, daftari linabaki vilevile, na Katibu anapata usingizi. Na kwa kuwa nitakuwa marehemu, nitastahili maziko: kwaya, wazee, kina mama wenye sufuria kubwa, na wewe mwenyewe. Naomba maziko hayo yafanyike mapema, mimi nikiwa naona, na yafanyikie chumba cha nyuma. Kwaya iimbe kwenye ujia. Sufuria zipelekwe kwake. Na wewe ukija kunisomea marehemu, ubebe mkate na kikombe, umpe anayepumua.

8. Mengineyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisimmegee mkate mimi mwenyewe, ikiwa kanisa nimeshaliona halina maana. Swali zuri. Nilimwambia wiki iliyopita kwamba mkate ninao na zabibu za kukamua ninazo, na maneno sikosi kamwe. Alinitazama kwa upole sana, akasema, "Wewe nyoa, mwanangu."

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Pamoja na yote niliyoyagundua, kuna kitu kimoja anachokitaka ambacho mimi sina.

Namalizia hapa, Baba Mchungaji, kwa heshima zote unazostahili na chache nilizokuongezea. Nisalimie mama mchungaji na watoto. Wasalimie wajumbe wa Kamati ya Viti, uwaambie bado naunga mkono zambarau. Kina mama wa kwaya uwaambie mke wangu si mjane, ila sufuria zisirudishwe kabatini. Msalimie mlinzi wa geti, ambaye ndiye pekee aliyewahi kuniuliza kwa nini sionekani. Na Katibu msalimie pia. Mwambie simchukii, nikifa kikweli ndiye atakayenipanga vizuri kuliko wote.

Ndimi wako katika utafutaji,
Kinyozi,
mzee wa mtaa (mstaafu), marehemu mtarajiwa.

Baada ya kuandika:

Nilimsomea Mama Cherehani barua hii kabla ya kuifunga, maana siku hizi siandiki habari zake bila yeye kusikia. Kwenye vitambaa vya viti alicheka mpaka nikamshika mgongo asipaliwe. Nilipomaliza akafumba macho, nikajua maneno yameingia. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

Anasema nani kanituma kumwombea mkate uletwe kitandani kama dawa. Yeye alisema anaitamani meza. Meza ina watu. Anataka kwenda alipo kila mtu, akae katikati yao, asikie matangazo yote mpaka la mwisho, na mtu amgeukie amwambie anampenda hata kama amekariri, kwa sababu nusu mwaka sasa hakuna aliyemwambia, na mimi pamoja na mdomo wote huu sijamwambia. Nikamkumbusha jinsi mlivyomsahau. Akanijibu, "Kwani ulidhani nilikuwa nawafuata kwa uzuri wao? Na wewe, ungekuja hapa kama usingetumwa na kanisa na barua yao?"

Nikaikunjua tena barua, nikashika kalamu.

Kwa hiyo ombi la kwanza lifute, jina langu libaki lilipo. La pili nalo lifute. Jumapili hii tunamleta. Tumekubaliana abebwe na godoro lake, asikunje nyonga. Muuza mkaa amekubali pembe moja, kwa sharti asiulizwe maswali akifika. Seremala nilimtafuta mpaka nikapaona kwake, kumbe ana mke na watoto watano, naye amekubali pembe moja. Ya tatu nashika mimi.

Godoro lina pembe nne, Baba Mchungaji. Njoo saa mbili na nusu, upitie ujia wa nyuma, na joho uliache nyumbani, njia ni nyembamba.